Jina la Utu Uzima

Ujumbe ulimkuta Leng Thao katikati ya mchaichai, kisu mkononi, saa tano na nusu asubuhi, siku ya Ijumaa. Simu ilitetemeka mfukoni, akafuta jasho, akasoma. Akasoma tena. Mara ya tatu alisoma kwa sauti, maana akili ilikuwa imegoma.

Chuo kikuu kilimwarifu kwamba matokeo yake ya mwisho kutoka chuo cha jamii hayajafika. Yasipofika leo kabla ya saa kumi na moja jioni, nafasi yake atapewa mwingine. Tunakutakia siku njema.

"Hayajafika vipi?" Leng aliuuliza mchaichai.

Miaka sita, jamani! Wenzake humaliza chuo cha jamii kwa miaka miwili, wakahamia chuo kikuu, wakamaliza na huko, wakanunua na kochi. Leng alikwenda somo moja moja, mwaka mzuri mawili. Asubuhi shambani kwa wakwe zake bondeni, nje ya mji wa Fresno, jioni darasani na udongo kwenye kucha. Hesabu aliirudia mara mbili. Kemia aliisoma wakati mkewe Mai Yer ana uchungu wa kuzaa, kitabu kimewekwa juu ya kitanda cha hospitali, na Mai Yer hajamsamehe mpaka leo. Aprili barua ikaja: umekubaliwa, uhandisi wa maji, unaingia mwaka wa tatu. Ukoo mzima wa Thao ulipiga simu, hata wale wasiosemezana. Leo eti hayajafika.

Alipiga namba ya chuo kikuu. Sauti ya mashine ikamwambia kwa upole kwamba yeye ni mtu wa sitini na tatu kwenye foleni. Baada ya dakika ishirini akawa wa sitini na moja. Alikata simu. Gari lake lilikuwa limelala nyumbani tangu Jumanne, radieta imepasuka.

"Chong Leng!" Baba mkwe wake, Mzee Lor, alikuwa anakuja na toroli la maharage marefu. "Siku hizi mchaichai unajikata wenyewe?"

"Baba, naomba pikapu. Chuo kikuu hawajapata matokeo yangu. Wamenipa mpaka saa kumi na moja, la sivyo nafasi imekwenda."

Mzee aliliachia toroli likapinduka, maharage yakamwagika. "Panda."

"Naweza kuendesha mwenyewe, baba. Usijisumbue."

"Gari langu unalijua wewe? Gia ya tatu mpaka uibembeleze. Panda, nimesema."

Wakapitia kwanza chuo cha jamii, maana ndiko matokeo yalikotoka. Mzee alibaki garini akila wali wa kunata kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Kwenye dirisha la ofisi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba aligonga vitufe vyake, akatikisa kichwa.

"Tulituma tarehe ishirini Juni. Na huko walipokea, uthibitisho huu hapa." Akaigeuza kompyuta ili Leng ajionee. "Jina, Leng Thao. Tarehe ya kuzaliwa ni yako?"

"Ni yangu," Leng alisema. Alikuwa ameliona kosa. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa.

Mwezi wa tano wakwe zake walimpa jina. Kwa desturi yao, kijana akishaoa na kupata mtoto haachwi atembee na jina la utotoni kama kaptula. Wazazi wa mke humwongezea jingine mbele ya hilo, la utu uzima. Nguruwe alichinjwa, watu arobaini wakaja, kila mmoja akamfunga Leng uzi mweupe mkononi na kumwombea heri. Mzee Lor akalitangaza: Chong. Kuanzia siku hiyo yeye ni Chong Leng, na anayejua akimwita Leng peke yake, amemfanya mtoto.

Wiki mbili baadaye Leng alikaa jikoni kwa wakwe, kompyuta mezani, anajaza fomu ya kukubali nafasi ya chuo kikuu. Fomu ikauliza jina kamili. Mzee alikuwa kiti cha pembeni, anamenya biringanya.

"Andika lote," Mzee alisema.

"Ni fomu tu, baba."

"Ndiyo maana. Andika lote."

Haya, nani angebishana na baba mkwe jikoni kwake, nyuzi bado ziko mkononi? Leng aliandika Chong Leng Thao, akabonyeza, akasahau. Kitambulisho kilisema Leng. Chuo cha jamii kilimjua kama Leng. Chuo kikuu kikabaki kumngoja Chong Leng, mtu asiye na hata somo moja.

Alirudi kwenye pikapu.

"Wamesemaje?"

Leng alimtazama mzee, shavu limejaa wali, macho yamejaa hofu ya kweli kwa ajili yake. Akashindwa kusema kweli. "Wametuma, baba. Huko chuo kikuu ndiko... hayaonekani."

"Wameyapoteza!" Mzee alipiga usukani. "Nilijua! Wapuuzi hawa!"

Wakashika barabara kuu ya kaskazini, mzee akiendesha maili arobaini na tano kwa saa, malori yakiwapigia honi na kuwapita. Saa nane na robo. Leng aliusukuma mguu wake sakafuni kana kwamba pale palikuwa na mafuta ya kukanyaga.

"Baba, tuongeze kidogo."

"Nikiongeza inachemka. Tukae njiani kwa sababu ya wapuuzi?" Akaendelea na yake. "Mtu wa ofisini ni wa ofisini tu! Kule kambi ya wakimbizi, Thailand, yule bwana aliniuliza jina. Nikasema Lor, maana ukoo ndio unatangulia. Akaniuliza tena. Mimi nikadhani kiziwi. Nikamwambia Lor! Akaandika Lor Lor. Mpaka leo, miaka arobaini na miwili, Lor Lor! Utadhani namwita kuku."

Hadithi hiyo huchekesha familia kila mwaka mpya, na shemeji zake Leng huiigiza kwa sauti mbili. Leng alicheka panapochekwa. Moyoni alikuwa anajitukana. Mzee aliwasema makarani wa chuo kikuu, akawasema mama zao waliowalea, akasema akifika atawaeleza uso kwa uso, na kila neno lilimwingia Leng mwenyewe, maana yeye ndiye aliyejua kuwa hakuna aliyepoteza kitu.

Walifika saa kumi kasoro robo. Ukumbi ulikuwa na baridi, viti vimepangwa safu safu, watu wameshika simu na nyuso za msibani. Mzee alikaa safu ya mbele, wima, kofia juu ya magoti. Leng alisimama kwenye foleni dakika arobaini na tano. Kila mtu wa mbele yake alikuwa na maswali yasiyoisha; mmoja alikuja kuuliza habari za maegesho ya baiskeli, na Leng alitamani kulia.

Karani alikuwa bwana mnene, mpole, wa shati la mikono mifupi.

"Nina akina Leng Thao saba humu," alisema baada ya kutafuta. "Mmoja ana matokeo yasiyo na mwenyewe, na tarehe ya kuzaliwa ni yako. Naamini ni wewe. Ila siwezi kuunganisha majina mawili kwa kuamini. Hilo la Chong, una hati ya mahakama?"

"Sina."

"Cheti cha ndoa chenye jina hilo?"

"Hapana. Nilipewa na wakwe."

"Walikupa karatasi?"

"Walinipa nguruwe," Leng alisema, na hakuwa anatania.

Karani alijikuna shavu. "Basi njia ni moja. Kitambulisho chako kinasema Leng. Nikilifuta Chong, jina linakutana na matokeo, nafasi yako inabaki. Dakika moja tu. Ukipata hati ya mahakama utakuja tulirudishe."

"Hakuna namna nyingine?"

"Leo hakuna. Na ninafunga saa kumi na moja."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika thelathini na tano. Leng aligeuka. Mzee Lor alikuwa anamtazama bila kupepesa, mbali kiasi cha kutosikia, na alipoona ametazamwa alinyanyua kidevu, kama kusema waambie. Leng alijiona anarudi nyumbani bila nafasi, anamweleza Mai Yer, anarudia kuomba mwaka mwingine, na nani alisema watamkubali tena? Kisha akajiona anamweleza mzee huyu. Hakujua lipi linamtisha zaidi. Nyuzi za mkononi zilikuwa zimechakaa, zimekuwa rangi ya udongo, na bado hakuwa amezikata.

"Futa," alisema.

"Samahani?"

"Lifute."

Kitufe kiligongwa mara tano, mara moja kwa kila herufi. Leng alizihesabu.

"Kakae, nachapa uthibitisho. Nitakuita."

Akakaa karibu na mzee, mikono imebanwa katikati ya magoti.

"Wameyapata?"

"Wanachapa, baba."

"Umewasema?"

"Nimewasema." Akaomba kimyakimya karani asimame, aje amkabidhi mkononi, asiite, tafadhali asiite.

"Leng Thao!"

Hakuna aliyenyanyuka. Mzee alitazama huku na huku kumtafuta huyo kijana. "Jina lako la zamani," alinong'ona. "Bonde hili limejaa akina Leng."

"Leng Thao!"

Leng alisimama. Hakumtazama baba mkwe wake, lakini alijua amemtazama. Alichukua karatasi. Iliandikwa kwamba nafasi imethibitishwa, masomo yanaanza mwezi wa nane, karibu sana. Alipogeuka kile kiti cha safu ya mbele kilikuwa kitupu.

Alimkuta mzee maegeshoni, anahangaika na kitasa cha pikapu.

"Umelivua jina," mzee alisema.

"Baba..."

"Imechukua muda gani?"

"Dakika moja."

"Kulivisha kulichukua siku nzima. Mama mkwe wako mgongo ulimuuma wiki mbili."

"Walitaka hati ya mahakama. Sina. Ningeikosa nafasi, baba. Miaka sita!"

"Nani amekwambia uikose? Ungeniuliza ningesema futa. Mimi si mjinga." Sauti yake ilianza kutetemeka, na hilo lilimtisha Leng kuliko ukali. "Lakini ulijua tangu kule kwa kwanza, siyo? Ukaniacha nawatukana watu wa watu njia nzima, wazazi wao na wote. Na kosa lenyewe langu. Mimi ndiye niliyesema andika lote."

"Nisamehe, baba. Niliona aibu."

Mzee alikiachia kitasa. "Unajua kwa nini nilisema? Hospitali, Lor Lor. Benki, Lor Lor. Siku ya kuapishwa uraia, watu wote kimya, Lor Lor, na mimi huyo nasimama. Nilitaka siku moja, ndani ya jengo lao, nisikie mmoja wetu anaitwa jina lake lote, lilivyo. Basi. Nimekaa pale nimeshika kofia nangoja hilo tu."

Karatasi ilikuwa mkononi mwa Leng, nafasi ni yake. Mzee alipanda garini, akafunga mlango kwa kishindo, akawasha. Leng alibaki amesimama nje, hajui kama amekaribishwa.

Honi ililia. Mzee Lor alitoa kichwa dirishani, akaelekeza uso kwenye lile jengo, akavuta pumzi.

"Chong Leng Thao!"

Msichana mmoja alisimamisha baiskeli. Watu wawili waliokuwa wanatoka mlangoni waligeuka. Mzee hakuwajali. Aliita tena, neno moja moja, kama wanavyoita wao madirishani, ila kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka upande wa pili wa shamba.

"Chong! Leng! Thao!"

Leng alinyoosha mkono juu, ule wenye nyuzi, na karatasi ndani yake.

"Nipo!" aliitika, machozi yanamtoka mbele za watu. "Nipo, baba!"

"Basi panda," mzee alisema. "Mchaichai uliokata uko juani tangu saa tano."