Sauti ya Lascelles Kabla ya Utepe

Kwa miaka arobaini Egerton Blythe alisifiwa kwa santuri moja ya mwimbaji Lascelles, na kila aliposifiwa alibadilisha mazungumzo. Kingston nzima, huko Jamaika, iliiita mama wa rege nzito. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mitambo ilipokuwa inarekodiwa.

Sasa binti Kerrian, fundi kijana wa studio, alikuwa anaandaa toleo lake jipya. Aliitoa kanda yenyewe ya zamani, akaisafisha, akaiingiza kwenye kompyuta, na hata kidole cha mpiga besi kikiteleza juu ya waya ulikisikia. Ilibaki ruhusa ya Miss Ionie, mjane wa mwimbaji. Alikuwa kwenye kochi la studio, kofia ya kanisani kichwani, amenuna.

"Sisaini," alisema. "Huyo si mume wangu. Nimelisema hili tangu santuri itoke, mkaniona kichaa."

"Ni Lascelles, mama. Jina si hili hapa kwenye boksi?" Kerrian alimwonyesha boksi la kanda.

"Mwanangu, mimi nimelala na Lascelles miaka thelathini na moja. Wewe umelala na boksi."

Egerton alicheka, kisha akaacha. Angeweza kunyamaza tena, kunyamaza alikuzoea. Lakini alimwona yule mama alivyoishika kalamu bila kuitumia, akaona aibu.

"Kerrian, ongeza spidi. Kidogo kidogo."

"Mass Egie! Utaiua besi!" Kerrian alimpigia mzee kelele.

"Acha ife. Prodyuza alitaka sauti ya mzee mwenye ndevu, na Lascelles alikuwa na miaka kumi na tisa, sauti nyembamba. Nikaviringisha utepe wa gundi kwenye kile kijiti cha chuma kinachovuta kanda. Kikanenepa, kanda ikakimbia tulipokuwa tunarekodi. Ukiicheza kwa mwendo wa kawaida, kila kitu kinashuka, kinakuwa kizito. Kijana hatukumwambia."

Kila studio ya mjini ilikuwa na ujanja wake siku hizo, na fundi hakuusema hata kwa mkewe. Egerton alijiona bingwa, mpaka jioni ile Lascelles alipopanda jukwaani pale mtaa wa Half Way Tree, akaimba kwa sauti yake nyembamba, na watu wakapiga kelele: "Shuka, tapeli! Mlete mwenyewe!" Hakuimba tena hadharani. Aliendesha lori la ndizi hadi alipofariki.

Kerrian akasogeza kitufe. Ngoma zikachangamka, na sauti ya kijana ikatoka, nyepesi, ikitetemeka kidogo mwisho wa kila mstari. Miss Ionie akavua kofia. Alisikiliza wimbo mzima bila kufuta machozi.

"Ndiye," alisema, akasaini.

"Nisamehe, Miss Ionie."

Mama alimrudishia Kerrian kalamu.

"Kila asubuhi alikuwa anajifungia bafuni, Egerton, anailazimisha sauti ishuke ifanane na ile ya santuri. Hata wiki aliyokufa. Alidhani ameipoteza."