Alichosema Mzee Stanisz Kuhusu Pango

...na bado anasubiri, Irena, mikono juu ya kaunta yangu, ameniuliza mara moja tu, tena kwa upole, "Dada Deolinda, baba alikwambia nini hasa kuhusu mkataba? Wewe niambie, alichosema nitakifuata," nami wiki nzima nimejiandaa kugombana, si kwa hili, nilijiandaa kwa mwanamke atakayeniambia baba amekufa, mkataba wa pango umekwisha, maneno ya mdomo hayahesabiki, hamisha duka lako la mikate, na hata wakili alinieleza hivyohivyo, "Pango la miaka mitano haliendi kwa mdomo, mama, bila maandishi wewe unaondolewa kwa notisi tu," nikamwambia lakini nilinunua tanuri jipya kwa kuliamini neno lake, tukabomoa ukuta kuliingiza, mwenye nyumba mwenyewe, baba yake huyu Irena, kasimama pale anacheka, vumbi limemjaa kichwani, wakili akainua macho, akasema hapo sasa jaji anaweza kukusikiliza, ila atakuuliza mzee alisema nini, neno kwa neno... neno kwa neno, nani anakumbuka hivyo, ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka, foleni imetoka hadi barabarani, nusu ya Wareno wa mji huu wa Fall River, huku Marekani, wanataka mikate yao mitamu yenye yai katikati, naye mzee Stanisz akajipenyeza mpaka mbele, kofia mkononi, "Deolinda, miaka mitano mingine, kodi ileile, usihangaike na makaratasi," nikampa mkono wenye unga, hayo naweza kuapa mbele ya Bikira, lakini aliendelea kusema, midomo ilikuwa ikienda, na Dona Filomena, mteja wangu, alikuwa ananipigia kelele kwamba mkate wake umeungua chini... "Sina haraka," anasema Irena, "ila watu wa duka la simu wameshakiulizia hiki chumba, nataka nijue cha kuwajibu," na pua ni ya baba yake kabisa, hata namna ya kuinamisha kichwa, na mume wangu Gil yuko nyuma ya pazia anajifanya kuchekecha unga, leo alfajiri kaniambia, "Wewe sema miaka mitano, basi. Nani atakupinga, marehemu?" nikamwambia acha mzaha na wafu, akasema si mzaha, miaka mitano si alisema, sasa uongo uko wapi, na kweli uko wapi, alisema, nilimsikia, na tanuri lile haliwezi kutoka bila ukuta kubomolewa tena, tutakwenda wapi na umri huu, kukanda unga wa watu... midomo ilikuwa ikienda, mkono wake bado umeushika wangu, akaubana kidogo, akasema, sasa namsikia, Mungu wangu, kwa ile sauti yake ya mafua, "mradi nipo hai, Deolinda, nikifa utaelewana na Irena," nami nikamjibu nini, nikamjibu wewe utatuzika sote, mzee, akacheka, akaondoka na mkate ambao hakuupangia foleni, ndiyo, alisema, na neno lake alilitimiza lote, hakunidanganya hata kidogo, mwaka mzima tangu afe namwona kama mtu aliyeniachia deni kumbe alinielekeza kwa binti yake, kwa huyu aliyesimama hapa, ambaye sijawahi kumwomba chochote, nimekuwa nikimtafutia majibu ya mahakamani tu... Gil ameacha kuchekecha, anasikiliza, atanuna, mwache anune, nitamwambia Irena yote, na ile nusu ya mwisho, hata ikinifukuza hapa, halafu nitaomba miaka mitano kwa kinywa changu mwenyewe, si kwa kinywa cha marehemu, na akikubali, tukae chini tuandike, na akikataa nitakuwa nimekataliwa na mtu aliye hai aliyejua anachokataa, na Irena bado ananitazama, mikono palepale kwenye kaunta, nami naanza, "Alisema miaka mitano, Irena, mradi yeye yupo hai..."