Mume na Mke wa Saa Moja Jioni

"Ni kweli kabisa, naapa mbele ya Mungu! Nikidanganya, nitanunulia watu wa parcelle nzima kasiksi, ile pombe ya ndizi mbivu."

Hivyo ndivyo Papa Zagabe alivyofungua kila hadithi. Courant, yaani umeme, ya mtaa wa Bagira ilikuwa ikikatika kila jioni, saa ileile ya mchezo wa kuchekesha wa televisheni, ule wa Alphonse na mke wake Adèle. Zagabe peke yake alikuwa na betri ya kuwashia televisheni, kwa hiyo kila asubuhi majirani wa parcelle walikuja kumuuliza wale wawili wamegombania nini tena.

"Jana Adèle alifungia Alphonse inje na pyjama, juu alikula samaki zote za sambaza!"

Wakacheka mpaka machozi. Yeye alisimulia tu, moyo mtupu kama debe.

Siku moja jirani yake Joviale akarudi kutoka Minova, kwa shangazi yake.

"Papa Zagabe, muongo weye! Kwa tantine courant iko. Ule muchezo uliisha tangu Pasaka. Adèle alikufa, Alphonse akabakia peke yake."

Watu wakamgeukia Zagabe, wakingoja uongo mwingine mtamu zaidi. Zamani alikuwa akiutazama mchezo ule na mke wake Cibalonza, na tangu amzike hakuiwasha televisheni hata mara moja. Alitaka tu pawe na mume na mke mahali fulani, bado wanagombana.

Alingoja uchungu uje. Haukuja.

"Leteni vikombe," akasema, akachukua kidumu, akaenda kununulia parcelle nzima kasiksi.