Kiatu Kilichofungwa Kufuli

Kama kuna mtu aliyezaliwa kutoamini watu, ni huyu mchonga funguo ambaye mtaa mzima ulimwita Komeo. Kiti chake cha kazini kilifungwa mnyororo kwenye meza, meza ikafungwa mnyororo kwenye nguzo. Nyumbani kabati la sukari lilikuwa na kufuli, na humo ndani walikuwa wakiishi wawili tu, yeye na mama yake, na mama mwenyewe chai yake haitii sukari. Ukimuuliza, angekwambia amekaa kwenye kazi hiyo miaka ishirini na miwili na hajaona siku kufuli zikakosa mnunuzi, kwa hiyo usimfundishe yeye binadamu ni nani.

Basi mama yake akaanza kupotelewa na macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuzima kimyakimya, bila hata kuuma, na lilijulikana siku mama alipomimina chai nje ya kikombe. Zahanati wakasema ni presha ya macho, na jicho likizimwa na ugonjwa huo haliwashwi tena. Hilo la kulia lingali linaona, lakini usipite mwezi kabla halijaangaliwa na daktari bingwa. Na daktari bingwa alikuja pale mara moja tu kwa mwezi, Alhamisi ya mwisho, akaona watu ishirini, akafunga begi lake, akaenda kituo kingine. Wa ishirini na moja arudi mwezi ujao.

Foleni ya Alhamisi hiyo ilikuwa na utaratibu wake, ambao hakuna aliyeuandika popote. Wagonjwa wa macho wengi ni wazee, hawawezi kusimama toka alfajiri mpaka sista afungue dirisha saa tatu. Kwa hiyo kinachopanga foleni ni kiatu. Unaleta kiatu kimoja cha mgonjwa mwenyewe, unakiweka nyuma ya kiatu cha mwisho, chini ya ukuta, halafu unakwenda kumleta mwenye kiatu. Foleni ikisogea, waliopo wanasukuma viatu vyao na vya wasiokuwepo. Ila ukifika dirishani, kiatu hakina kazi tena, anatakiwa mtu.

Mlinzi wa getini alipomweleza hayo, Komeo alicheka kwa dharau. Kiatu changu kisukumwe na nani? Na huyo aliye nyuma yangu, ambaye nikikosa mimi anapata yeye? Komeo aliwahi kuibiwa viatu mlangoni pa msiba, watu wanalia huku mikono yao inafanya kazi. Asidanganywe mtu.

Lakini afanyeje? Saa kumi na moja alfajiri alifika na kiatu cha mama, cha mguu wa kushoto, cha ngozi. Akahesabu viatu vilivyotangulia chini ya madirisha. Kumi na tisa. Akahesabu tena kuanzia mwisho, kumi na tisa. Cha mama kikawa cha ishirini, cha mwisho kabisa chenye maana.

Hajanyoosha mgongo, akaja mwanamke wa makamo, miwani myeusi usoni, akavua kandambili moja ya kijani na kuiweka nyuma ya kile cha mama. Ishirini na moja. Komeo aliitazama ile kandambili kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa dirishani pa watu. Akatia mkono mfukoni, akatoa mnyororo mwembamba na kufuli, vitu alivyotembea navyo kama wengine wanavyotembea na leso, akapitisha mnyororo kwenye kamba ya kiatu, akauzungusha kwenye nondo ya dirisha, kwa! Akafunga.

Yule mwanamke akamuuliza kwa upole, foleni ikisogea itakuwaje. Komeo akamjibu kwamba ikisogea yeye atakuwa amesharudi, na kwamba kufuli ile haifunguki kwa kiberiti wala kwa msumari, kwa hiyo mtu asijisumbue. Akaondoka kifua mbele.

Nyumbani mama alikuwa amekwisha kuoga na kuvaa, amekaa kitandani, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna. Miguu yake ilikuwa inavimba, na jozi hiyo ndiyo pekee iliyomkubali. Akauliza kiatu kingine kimekwenda wapi. Komeo akaeleza.

"Umekifunga kufuli?" mama akasema. "Mwanangu, kiatu cha watu kimekosa nini?"

Komeo hakuwa na muda wa maneno. Jirani yake mwenye teksi aliahidi kuwa mlangoni saa mbili kamili. Saa mbili na nusu akapigiwa simu, akasema yupo hapo kwenye kona. Saa tatu bado yupo kwenye kona. Hiyo kona sijui ilikuwa ndefu kiasi gani, maana alitokea saa tatu na dakika ishirini, anacheka, anasema gari lilikataa kuwaka. Nusu ya safari gari likakataa tena, mbele ya duka la mbao, likatoa moshi na kutulia. Komeo akapiga teke gurudumu, akaumia kidole. Akamshika mama mkono wakatembea, mama anachechemea kwa kiatu kimoja, na kila anayemsikia akimsalimu, mama anasimama kumrudishia salamu, na habari za watoto, na yule aliyekuwa anaumwa vipi. Komeo alikuwa anatweta kwa hasira. Kichwani anahesabu: sasa wamefika wa tisa, sasa wa kumi na mbili, sasa yule wa miwani ameshakiruka kiatu cha mama na jicho la mama limekwenda. Alijua. Toka alfajiri alijua.

Walipoingia getini ilikuwa saa nne na nusu. Na chini ya dirisha, mahali palepale, kiatu cha mama kilikuwa kimebaki peke yake, kimefungwa, kama mbuzi aliyesahauliwa malishoni. Foleni yote ilikwisha kukata kona, iko mbele mlangoni kwa sista.

Damu ilimchemka mpaka masikio yakawaka. Alimburuta mama kukata ile kona, akamwona mwanamke wa miwani nyeusi amesimama karibu kabisa na dirisha la sista, na hapo mdomo ukafunguka. Alimwambia mbele ya watu wote kwamba yeye ndiye aliyekuwa nyuma yake, ameruka kiatu cha mama wa watu, mama kipofu wa jicho moja, ili apande yeye. Akamwita mwizi. Akasema watu kama yeye ndio wanaofanya kufuli zinunuliwe. Akasema na mengine ambayo mama yake alimvuta shati ili anyamaze, naye hakunyamaza.

Aliyejibu ni babu mmoja mwenye fimbo, aliyekuwa mbele yao.

"Bwana," babu akasema, "ukimaliza kutukana, tazama chini."

Komeo akatazama chini. Kulikuwa na kandambili mbili za kijani, moja mbele ya nyingine, na nyuma yake miguu mitupu ya yule mwanamke juu ya saruji ya baridi.

"Hii ya mbele ni mama yako," mwanamke akasema. "Kiatu chenu kiligoma. Walitaka kukata kamba, nikasema tusimharibie mama wa watu kiatu. Nikavua yangu ya pili."

Uso umeumbwa na haya, lakini uso wa Komeo ulikuwa haujawahi kutumika hivyo. Alibaki mdomo wazi. Na hakupata nafasi ya kuufunga, maana sista aliita wa ishirini. Ndani sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, maji yamesimama, na mguu wa kushoto wa mama ulikuwa mtupu. Yule mwanamke akainama, akausogeza mguu wa mama na kuuvisha ile kandambili ya mbele, akasema aende nayo asije akateleza. Mama akaingia, mguu mmoja ngozi, mguu mmoja kijani.

Sista akaandika jina la mama, akapiga mstari chini yake kwa rula, akafunga daftari. Akatangaza kwamba ishirini wametimia, wengine mwezi ujao, poleni sana.

Hapo ndipo kichwa cha Komeo kilipokamilisha hesabu kiliyoianza alfajiri. Wa ishirini na moja ni huyu. Hakuhitaji kuiba. Hakuhitaji hata kugusa kiatu cha mtu. Alihitaji tu kunyamaza na kukiacha kile kiatu pale kilipofungwa na mwenyewe, na muda huu angekuwa ndani amekaa kwenye kiti cha daktari. Badala yake amesimama peku asubuhi nzima akisukuma kandambili iliyomfungia mlango yeye.

Komeo akaligeukia dirisha. Alimsihi sista aongeze mmoja, mmoja tu, atapungukiwa nini. Sista akasema daktari anatakiwa kituo kingine saa nane, na yeye si mwenye kupanga. Komeo akapandisha sauti, akauliza ni nani basi aliyepanga ishirini, kwa nini isiwe ishirini na mmoja, macho ya watu yanagawiwa kwa kipimo gani. Sista akafunga dirisha taratibu, kama mtu aliyezoea kulifunga mbele ya sura kama hiyo.

"Na jicho lako?" Komeo akamuuliza yule mwanamke.

"Litasubiri," akasema.

"Mbona ulifanya hivyo?"

Akamtazama kama vile swali lenyewe halikuwa na kichwa wala miguu. "Kiatu chenu kilitangulia changu," akasema.

Komeo alitaka kumwomba radhi, lakini papo hapo akaitwa ndani kumshika mama atiwe matone. Alipotoka, nafasi ilikuwa tupu. Akakimbia mpaka getini. Mlinzi akamwambia yule mama alikuwa na lori la kurudi kwao, dereva alikuwa akipiga honi, na amepanda mguu mmoja peku. Jina lake? Mlinzi hakujua. Babu mwenye fimbo hakujua. Sista hakumwandika, maana waandikwao ni ishirini.

Daktari alisema jicho la kulia la mama litaendelea kuona akifuata matone, asubuhi na jioni, na arudi baada ya miezi mitatu. Komeo alipaswa kufurahi. Alichuchumaa chini ya dirisha kufungua ile kufuli, na mikono yake, iliyochonga funguo gizani bila kukosea, ikalikosa tundu la ufunguo mara mbili. Mama, amesimama na kandambili ya watu mguuni, akasema wahenga walisema tenda wema uende zako, na huyu kaenda kweli, mpaka kiatu kaacha. Akacheka peke yake.

Mwezi ule mzima Komeo hakulala vizuri wala hakusemezeka. Wateja walikuja wakakuta ananung'unika na tupa yake. Hasira sasa haikuwa na mtu wa kumwangukia. Aliyemkosea ni nani? Kila akimtafuta alijikuta mwenyewe, na mnyororo mkononi.

Alhamisi ya mwisho alifika zahanati hata mlinzi hajavua koti. Akaiweka ile kandambili ya kijani ya mguu wa kushoto chini ya ukuta, mbele ya yote. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, kwa mazoea, ukakuta mfuko mtupu. Mnyororo aliuacha nyumbani. Akasimama.

Saa tatu dirisha likafunguliwa, sista akaita wa kwanza. Komeo akasema mwenyewe yupo njiani. Sista akamtambua, akakunja uso, kisha akasema kiatu kikae pembeni ya mlango, mwenyewe akitokea ataingia, ila ishirini wakitimia ndiyo basi. Wakaingia wa pili, wa tatu, wa tano. Jua likapanda ukutani. Jamaa mmoja aliyekuwa wa ishirini na moja, na ambaye nafasi ile ingemnusuru, akamuuliza Komeo mwenye kiatu ni nani wake. Komeo akasema hamjui. Jina? Halijui. Sasa atakuja kweli?

"Yupo njiani," Komeo akasema, na kwa jinsi alivyolisema hakuulizwa tena.

Ila moyoni alikuwa anamgombeza. Yuko wapi huyu mwanamke? Mtu anajua ana jicho bovu, anajua foleni yenyewe ilivyo, saa nne hii anafanya nini? Kumi na tano. Kumi na saba. Labda lori limeharibika. Labda amekata tamaa, na nani angemlaumu. Kumi na tisa wakaingia, sista akashika rula.

Ndipo akamwona getini. Alivaa viatu vipya vya bei ndogo, na miwani ileile. Mwezi uliopita alitembea mwenyewe na kuinama kumvisha mama wa mtu kandambili. Leo alikuwa akiupapasa ukuta kwa kiganja, hatua kwa hatua, mpaka alipofika mkiani mwa foleni, nyuma ya wote waliobaki. Hakumwuliza yeyote ni wa ngapi. Aliinama, akaanza kuvua kiatu ili akiweke chini.

"Dada!" Komeo akaita, na sauti ikampasuka. "Usivue! Kiatu chako kiko huku mbele."

Akakimbia, akaufuata ule mkono uliokuwa ukipapasa ukuta, akaushika.