Kisanduku cha Shangazi

...kimekatwa kwa mstari mwekundu, kisanduku cha shangazi, pale kwenye mchoro wa hatua za kazi ukutani, mbele ya ofisi nzima, na huyu mshauri wao mwenye suti ya kubana anasema "hatua hii haiongezi thamani", hatua, anamwita shangazi yangu hatua, mtu aliyenilea, anayekagua na kugonga muhuri maombi ya kuunganishiwa maji tangu mimi sijaota meno, haya, mkono juu, niko hapa kwa mafunzo tu lakini chuoni bado hajatokea wa kunishinda kwenye mdahalo, na hoja ninayo, jana jikoni nilimsomea shangazi yote, yeye anamenya vitunguu, anacheka, "endelea, wakili wangu, watakukoma"... kwanza, ndugu mwenyekiti, ufanisi usio na utu ni... "Samahani, bosi," nani huyo, shangazi, amesimama, kaa chini shangazi, niachie mimi, "hicho kisanduku ni mimi niliyewaambia wakikate"... nini, amesema nini, "mapokezi wameshakagua, mimi narudia yale yale, faili linalala kwangu kama mgonjwa, na huko mitaani watu wanakinga maji ya mvua", wanacheka, meneja anacheka, masikio yananivuma, kumbe jana alijua, alijua akaniacha nihutubie masufuria, mbona hukuniambia, shangazi, nimejinoa kuwararua watu kwa ajili ya muhuri ambao wewe mwenyewe umeuchoka, na kweli, si hata jirani yetu analalamika kila siku ombi lake limeota mizizi, mizizi wapi kama si mezani kwako... "Ila bosi," bado amesimama, sasa hacheki, "mmechora mshale wa faili, umeniruka mimi ukafika kwa fundi, vizuri, wa kwangu mimi unaelekea wapi?" Mshauri anabonyeza picha ya mbele, anarudi nyuma, anabonyeza tena, hakuna, michoro yote hiyo na hakuna, shangazi amesimama tu na mkoba wake begani, "na wewe binti, ulikuwa na hoja?" ananiuliza meneja, kumbe mkono wangu bado uko juu, na niliyoyakariri yote yamenitoka, nilikuja kutetea kisanduku, Mungu wangu, kisanduku, bega linaniuma, meneja anasubiri, acha liume, siushushi, mpaka waseme mshale wa shangazi unaelekea wapi...