Dawa ya Kukausha Damu

Asiya ndiye aliyevigundua. Alikuwa akimpima Scholastique mkono ili amshonee blauzi, mbele ya duka lake la vitambaa huko Cibitoke, Burundi, na vidole vyake vikasimama ghafla juu kidogo ya kiwiko, upande wa ndani.

"Mama Trésor, kumbe nawe umeweka vijiti?"

"Vijiti gani?"

"Vya kuzuia mimba. Dada yangu Saliha anavyo. Gusa hapa."

Scholastique akagusa. Vilikuwa viwili, vyembamba, vigumu, vimelala chini ya ngozi.

Akaikumbuka siku aliyomzaa Trésor. Hata kabla hajaketi, kituo kizima cha afya kilijua kwamba yeye ni Mtwa, wa ile jamii ya wawindaji wa msituni inayodharauliwa, maana muuguzi Odette alilitangaza mlangoni: "Batwa wa Kongo wamekuja tena!" Wenzake walipewa vitanda, yeye alitandikiwa mkeka karibu na choo, na uji akaambiwa alete kikombe chake mwenyewe. Alipokwisha kujifungua, mwili ukiwa bado unatetemeka, Odette alimdunga sindano ya ganzi, akamchanja mkononi, akasema ni dawa ya kukausha damu. Scholastique akamshukuru. Na hilo la kumshukuru ndilo lililomchoma sasa kuliko yote.

Jioni alimweleza mumewe, Murhula. Naye, badala ya kuwakasirikia wauguzi, akamkasirikia yeye.

"Mutu anawekewa kitu mwilini asijue? Sema tu umechoka kunizalia."

"Mi siongopi, baba Trésor! Ungekuwa pale ungeona walivyonilaza chini kama mbuzi!"

Tangu walipokimbia vita kwao Kalehe, Kongo, na yote waliyoyapitia njiani, Murhula hakuwahi kumsikia mkewe akipaza sauti namna ile. Asubuhi akavaa shati lake la kanisani, wakaenda pamoja kituoni, Trésor mgongoni mwa mama yake.

Odette hakumtazama Scholastique hata kidogo. Alizungumza na Murhula, kama vile mwanamke hakuwapo.

"Baba, tuliwasaidia. Nyinyi Batwa mnazaa tu, halafu watoto wanashinda njaa. Kama mnataka vitolewe, wewe ndiye uamue."

"Apana," Murhula akasema. "Mwulize yeye. Mkono ni wake."

Scholastique akasogea mpaka akawa uso kwa uso na muuguzi. "Mi nilikuja hapa kuzaa, sikuja kufungwa kizazi. Ulikuwa na mdomo. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekubali?"

"Ndiyo maana hukuniuliza!"

Wajawazito kwenye benchi wakageuka kuwatazama. Pembeni, mwanamke aliyekuwa amemletea chakula mama yake aliyelazwa akainuka. Aliitwa Annick, Mtwa kutoka Gasenyi, si mbali na hapo. Akapandisha mkono wa blauzi yake, akaonyesha mahali vijiti vilipotuna.

"Hata mi niliambiwa ni dawa ya damu," akasema. "Nimekaa sishiki mimba, mume akanifukuza. Wakwe wakasema nimelogwa."

Daktari Uthmani, mkuu wa kituo, akatoka ofisini mbio. "Mama zangu, tushushe sauti. Tuyamalize ndani."

"Apana, dokta," Scholastique akasema. "Walinitangaza hapa mlangoni, yaishie hapa."

Daktari akamtazama Odette. Odette akaangalia chini, lakini pole haikutoka kinywani mwake. Daktari naye akamwita tu Christa, muuguzi mwingine, awahudumie wale wanawake.

Christa alieleza kila jambo kabla ya kugusa. Alipokamata kisu kidogo, akauliza: "Mama, niendelee?" Machozi yakamtoka Scholastique, wala hayakuwa ya maumivu. Katika jengo lile hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

Walipotoka, mikono ikiwa imefungwa bandeji, Odette alikuwa ameketi palepale, akiita wagonjwa kama siku zote.

"Bado yupo," Annick akanong'ona.

"Tutarudi kumshtaki, sisi na wenzetu wengine aliowawekea," Scholastique akajibu. "Kwanza mume wako ajue hukulogwa. Anakaa wapi?"

"Kwa mama yake, Gasenyi. Hatanisikiliza, dada."

"Atanisikiliza mi." Akamfungua Trésor mgongoni, akamkabidhi Murhula, akashika njia ya Gasenyi na Annick.