Joto la Basilia

Basilia alikuwa na hakika kwamba marehemu mama yake amekasirika. Asubuhi ile wanawake saba walikuwa wameketi chini ya paa la makuti wakikuna mihogo ya mkate, mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, mbao za kukunia nazo zinakwaruza kwa mapigo ya wimbo. Upepo wa bahari ulikuwa baridi. Ghafla moto ule ukampanda tena Basilia kutoka kifuani hadi masikioni, jasho likamchuruzika.

"Wee Basilia, umenyeshewa peke yako, au umemkumbuka mwanamume?" Tomasa, rafiki yake, alimchokoza.

"Ni mama," Basilia akanong'ona. "Ananichoma."

Tomasa hakucheka sana. Pwani hii ya Wagarifuna, wazao wa Waafrika ng'ambo ya bahari kuu, mzee aliyekufa akitaka jambo hatumi barua, hutuma ugonjwa, na mwenye akili hutafuta haraka anadaiwa nini. Basilia alikuwa ameshatafuta. Mama yake katika uhai wake hakumeza hata kidonge cha kichwa. Yeye na majani ya kuchemsha tu. Na Basilia je? Miaka kumi na moja anameza kidonge kila siku, mpaka virusi vya UKIMWI vimefubaa, mashine haivioni.

"Kwa hiyo nimeacha," alisema. "Leo siku ya tisa."

Ubao wa Tomasa ukanyamaza. Yeye na Basilia walikutana kwenye benchi la zahanati, kila mmoja akijidai kaja kung'oa jino, kumbe wamefuata kidonge kimoja.

"Simama."

"Mihogo je?"

"Mihogo haina virusi. Simama, shoga!"

Wakaingia zahanati mikono myeupe kwa wanga. Nesi Yessenia alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Shangazi, hedhi mara ya mwisho lini?"

Basilia akahesabu kwa vidole, akarudia. "Kabla ya Krismasi. Siyo hii. Ile nyingine."

"Na umri?"

"Hamsini kasoro mmoja."

"Basi mama yako msamehe, hahusiki. Hedhi imekuaga, na joto hilo ndiyo kwaheri yake. Lina dawa pia, tutatafuta inayopatana na kidonge chako. Lakini ukikiacha hicho, virusi vitaamka, na vyenyewe havichomi kwa utani. Leo unaanza tena, na damu tunapima."

"Na mama?"

"Mpikie, mchezee ngoma, nani kakukataza? Ila kidonge kila siku."

Akamwekea kimoja kiganjani. Basilia akakitazama kama mtu aliyepewa mende.

"Huyu Tomasa anameza hiki hiki, mbona yeye hachomeki? Kwa sababu mama yake yu hai, ndiyo maana!" Akakirudisha mezani.

Nesi akajifanya anasoma faili. Siri za wagonjwa si zake kuzitangaza. Tomasa akaanza kuchunguza dari. Aliolewa hapa akitoka kijiji cha mbali, na inaonekana cheti cha kuzaliwa alikisahau huko, maana mwaka wa tatu huu ana miaka arobaini na moja.

"Nachomeka," akasema kwa dari.

"Unasemaje?"

"Nachomeka, Basilia! Mwaka wa pili sasa. Unadhani kwa nini huwa nagombea kukaa upande wa upepo? Kwa mandhari?"

"Wewe? Arobaini na moja?"

"Hamsini na mbili," Tomasa akasema, na kila tarakimu ilimtoka kama jino.

Nesi akageukia kabati, mabega yakimtikisika. Basilia hakucheka.

"Miaka miwili unajua joto hili ni nini, unanitazama nikiloa, unanitania. Siku tisa, Tomasa! Ningekufa ili wewe upunguze miaka kumi na moja?"

Tomasa akaacha kuchunguza dari. Akaenda mtungini, akajaza kikombe, akakileta kwa mikono miwili.

"Nisamehe, dada. Meza."

Basilia akamwacha asimame na kikombe chake kwanza, kidogo tu, aonje uchungu wa kungoja. Kisha akachukua kidonge, akameza, akafungua kinywa kuonyesha ulimi.

"Kesho unameza mbele yangu," Tomasa akasema.

"Nitameza. Na wewe kesho utawaambia wenzetu umri wako."

"Bora nife!"

"Kufa basi, shoga," Basilia akasema, akijipepea kwa kadi ya zahanati. "Lakini ufe na miaka yako yote."